Safari ya Gofu Birmingham, Alabama: Ni Pesa Gani Itoke Kwanza?

Ni saa tatu usiku. Kwenye kundi la WhatsApp la marafiki wanane wanaocheza gofu pamoja, mmoja anaandika: "Jameni, tiketi za Marekani zimeshuka leo! Tulipe sasa hivi kabla zipande." Wengine wanajibu "Nimetuma," "Nimetuma," "Changu pia kimeingia." Mweka hazina anaangalia salio lake la simu. Ndani kuna michango ya watu saba, karo ya mtoto wake, na pesa za kodi ya nyumba, zote zimechanganyika. Na bado hakuna hata mmoja wao aliyepata viza.

Hapo ndipo safari nyingi huharibikia. Pesa zinaweza kuwa zinatosha kabisa, lakini zikatoka kwa mpangilio mbaya. Somo la leo ni hilo. Tutatumia mfano wa safari ya gofu kwenda Birmingham, jimbo la Alabama, kwa sababu ni mji wa wastani wenye gofu nyingi na pia una mitego mingi ya malipo ambayo mteja wetu anapaswa kuijua kabla hajapanda ndege.

Utakachojifunza

- Kwa nini Birmingham, na wakati gani wa kwenda
- Jinsi ya kupiga hesabu ya shilingi kwa gharama zilizo katika dola
- Mahali pa kuweka michango ya kundi
- Mpangilio wa kulipa: kinachorudi na kisichorudi
- Simu na kadi yako ukiwa kule

1. Kwanza, jua unakoenda

Watu wakisikia gofu na Marekani, wanafikiria Augusta. Lakini uwanja wa Augusta National ni wa wanachama na wageni wao. Huwezi kupiga simu ukaomba nafasi. Na ukitaka tu kutazama mashindano ya Masters mwezi wa Aprili, tiketi hutolewa kwa bahati nasibu, na tiketi iliyouzwa tena na mtu mwingine inaweza kufutwa ukiwa mlangoni. Kwa hivyo mtu akikwambia "nina tiketi za Masters, tuma nusu ya pesa nikushikie," shika pesa yako vizuri.

Birmingham ni tofauti. Alabama ina msururu wa viwanja vya umma unaoitwa Robert Trent Jones Golf Trail, wenye maeneo 11 kote jimboni. Ulianza kufunguliwa miaka ya mwanzo ya 1990, na ulijengwa kama uwekezaji wa mfuko wa pensheni wa walimu na watumishi wa umma wa jimbo hilo. Yaani pesa za wastaafu ndizo zilizopanda ile nyasi. Mgeni yeyote anaweka nafasi, analipa, anacheza.

Maeneo mawili ya Trail yako karibu na mji wenyewe. Oxmoor Valley ina viwanja viwili vya mashimo 18, Ridge na Valley, juu ya vilima ambako zamani kulichimbwa madini ya kampuni ya chuma. Ross Bridge, katika mji jirani wa Hoover, ulifunguliwa 2005 na una urefu wa zaidi ya yadi 8,000 ukianzia nyuma kabisa. Usiogope: kuna sehemu za kuanzia za mbele, na hakuna atakayekucheka. Ukitaka kubadilisha, Capitol Hill iko Prattville, karibu na Montgomery, na unaweza kwenda kucheza na kurudi siku hiyohiyo.

Mkipata jioni moja bila gofu, tembeeni katikati ya mji. Kanisa la 16th Street Baptist, ambalo lililipuliwa kwa bomu Septemba 15, 1963 na kuua wasichana wanne weusi, bado linasimama, na jumba la kumbukumbu la haki za kiraia liko mkabala nalo. Gofu yenyewe ilipitia historia hiyo hapo hapo. Mwaka 1990, mashindano ya PGA Championship yalipokuwa yakija katika klabu ya Shoal Creek nje ya Birmingham, ilijulikana wazi kwamba klabu haikuwa na mwanachama mweusi. Kelele zilizofuata zilifanya wasimamizi wa gofu Marekani wabadilishe masharti kwa klabu zinazoandaa mashindano yao.

Wakati gani? Kiangazi cha kule, Juni hadi Agosti, ni joto na jasho. Machi hadi Mei kuna vimbunga vya tornado. Oktoba ndio mwezi wenye mvua kidogo zaidi na hali ya hewa ni nzuri. Shida ya Oktoba ni wikendi. Jumamosi ambayo Chuo Kikuu cha Alabama kinacheza kandanda ya Kimarekani nyumbani Tuscaloosa, mwendo wa kama saa moja kutoka Birmingham, vyumba hujaa na bei hupanda. Mbio za magari za Talladega nazo huja Oktoba. Dawa yake ni rahisi: fikeni Jumapili, chezeni Jumatatu hadi Alhamisi, ondokeni Ijumaa. Usiku tano. Na mkiweka wiki yenye Mashujaa Dei, mnaokoa siku moja ya likizo kazini.

2. Piga hesabu kwa dola, halafu ujilinde na dola

Hizi hapa ni namba za mfano kwa mtu mmoja. Zako zitakuwa tofauti, lakini orodha ni hiyo hiyo.

- Tiketi ya ndege, kwenda na kurudi: dola 1,700
- Ada ya maombi ya viza: dola 185
- Bima ya safari: dola 100
- Malazi usiku 5, wawili chumba kimoja: dola 600
- Gofu mara 4, pamoja na kigari: dola 500
- Magari ya kukodi na mafuta, sehemu yako: dola 200
- Chakula na bahashishi: dola 450
- Akiba ya dharura: dola 265

Jumla: dola 4,000.

Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 520,000. Lakini kumbuka mwanzoni mwa 2024. Dola moja ilifika shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Safari ile ile ya dola 4,000 kwa bei ya 160 ni shilingi 640,000. Tofauti ni shilingi 120,000 kwa mtu mmoja, na hujaongeza hata soda.

Kwa hivyo fanya mambo mawili. Moja, panga kwa bei ya juu kidogo kuliko ya leo. Kwa mfano, kama leo ni 130, changeni kama ambao ni 140. Dola 4,000 zinakuwa 560,000, na mkichanga kwa miezi 10, Desemba hadi Septemba, kila mtu anatoa shilingi 56,000 kwa mwezi. Kikibaki kitu, mtarudishiana. Kurudishiana ni raha kuliko kuombana tena.

Mbili, msingoje mwezi wa mwisho ndipo mbadilishe zote. Mkibadilisha kidogo kidogo kila mwezi na kuweka kwenye akaunti ya dola, hamtapata bei nzuri zaidi ya mwaka, lakini hamtashikwa na mbaya zaidi kwa pesa yote.

3. Pesa za kundi zisikae kwenye simu ya mtu

Watu wanane mara 560,000 ni shilingi 4,480,000. Tangu Agosti 2023, salio la juu kwenye M-PESA ni shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Kwa hivyo hata mweka hazina akiwa malaika, mfuko wake wa simu hautatosha.

Lakini kikomo si sababu kubwa. Sababu kubwa ni hii: mweka hazina anaweza kupoteza simu, kuugua, au kushikwa na shida nyumbani usiku wa manane. Pesa ikiwa kwenye laini yake, kisheria na kibinadamu inaonekana ni yake. Hata akiwa mwaminifu, siku moja atalipa karo akidhani anatumia zake, na urafiki wa miaka ishirini utaingia doa.

Fanyeni hivi:

1. Fungueni akaunti ya kundi benki au kwenye chama cha akiba, yenye watu watatu wa kuidhinisha na angalau wawili wakubali kabla pesa itoke.
2. Changeni kupitia namba ya Paybill ya akaunti hiyo. Kwenye sehemu ya namba ya akaunti, fuateni maelekezo ya benki ili mchango wa kila mmoja ujulikane.
3. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si la akaunti yenu, acha.
4. Kila mwisho wa mwezi, mweka hazina atume taarifa ya akaunti kwenye kundi. Picha ya ujumbe mmoja wa "imethibitishwa" haitoshi, kwa sababu ujumbe kama huo unaweza kutengenezwa.

4. Mpangilio wa kulipa: kisichorudi kije mwisho

Hiki ndicho kiini cha somo. Chukua orodha yako na kando ya kila kitu andika: *Hii pesa ikitoka, itarudi?* Halafu lipa ukifuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: viza, kila mtu na yake. Ada ya maombi ya viza ya mgeni iliwekwa kuwa dola 185 mwaka 2023. Hairudi hata ukinyimwa. Kagua kiasi cha sasa kwenye tovuti ya Ubalozi wa Marekani Nairobi kabla ya kulipa, kwa sababu masharti na ada hubadilika. Fomu ya DS-160 yenyewe haina ada, kwa hivyo tovuti inayokutoza kwa kuijaza si ya serikali. Na hakuna wakala anayeweza kukuhakikishia viza. Uamuzi ni wa afisa anayekuhoji. Yeyote anayesema "nipe elfu hamsini, nina mtu ndani" anataka elfu hamsini, basi.

Ada hii isitoke kwenye mfuko wa kundi. Kila mmoja alipe yake, kwa sababu ni hasara ambayo haiwezi kugawanywa kwa haki.

Hatua ya pili: vitu vinavyoweza kufutwa bure. Hapa weka nafasi ya vyumba ambavyo unaweza kufuta bila kutozwa hadi siku chache kabla ya kufika. Bei yake huwa juu kidogo kuliko ile ya "lipa sasa, hairudi." Hiyo tofauti ndogo ndiyo bima yenu. Wakati wa kuweka nafasi za gofu, uliza: tukipungua, nani anatozwa? Siku ngapi kabla?

Hatua ya tatu: tiketi za ndege, baada ya viza kupatikana. Serikali ya Marekani yenyewe inashauri usifanye mipango ya mwisho ya safari kabla ya kupata viza. Yule rafiki wa saa tatu usiku hakuwa mbaya, alikuwa na haraka tu. Tiketi iliyoshuka shilingi 15,000 si nafuu kama inaweza kukupotezea 220,000.

Hatua ya nne: bima, gari na vilivyobaki. Bima msiruke. Hospitali za Marekani ni ghali sana kwa mgeni, na mguu uliovunjika kwenye bonde la Oxmoor unaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima.

Sasa tuijaribu

Tuseme kati ya wale wanane, wawili wamenyimwa viza.

*Kundi lililolipa tiketi kwanza:* wawili hao wana tiketi za dola 1,700 kila mmoja. Kama ni za bei ya chini zisizorudishwa, jumla ya dola 3,400 iko hatarini. Kwa bei ya 130 hiyo ni shilingi 442,000. Sasa ubishi unaanza: ni hasara yao, au ya kundi lililowaharakisha?

*Kundi lililofuata mpangilio:* wawili hao wamepoteza dola 185 kila mmoja. Chumba kimoja kati ya vinne kimefutwa bure. Gofu imekuwa makundi mawili ya watu watatu. Kinachopanda ni magari: dola 1,600 zilizokuwa zigawanywe kwa watu wanane sasa ni za sita, yaani karibu dola 267 kila mmoja badala ya 200. Nyongeza ya dola 67 inatoka kwenye akiba ya dharura. Wale wawili wanarudishiwa michango yao, na Jumamosi ijayo bado mnacheza pamoja.

Andikeni sheria hii mapema, wakati bado mnacheka: anayenyimwa viza arudishiwa kila kitu ambacho hakijalipwa kwa jina lake. Anayejiondoa kwa hiari baada ya tiketi kulipwa abebe gharama aliyosababisha. Mistari miwili kwenye karatasi, na sahihi nane.

5. Ukiwa kule: kadi, kodi na bahashishi

Simu hailipi dukani. Hapa nyumbani, ukimaliza shimo la 18 unamtumia kedi wako pesa kwa simu, mambo yanaisha. Birmingham hakuna Paybill wala Till, na kwa kawaida kwenye viwanja vya Trail hakuna kedi pia. Unaendesha kigari mwenyewe. Utahitaji kadi, na dola chache za noti ndogo kwa bahashishi. Mkiwa mnasafiri na zaidi ya dola 10,000 taslimu, lazima mtangaze kwa maafisa wa forodha.

Beba aina mbili za kadi. Kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa zako za simu ni nzuri kwa kulipia vitu kwenye tovuti. Lakini hoteli na kampuni za magari hushikilia pesa za dhamana juu ya bei yenyewe, na pesa hizo zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Kampuni nyingi za magari hazikubali kabisa kadi ya kulipia kabla wakati wa kuchukua gari. Kwa hivyo angalau mmoja kwenye kila gari awe na kadi ya mkopo yenye jina lake, na jina hilo liwe ndilo lililo kwenye nafasi ya gari.

Mashine ikikuuliza shilingi au dola, chagua dola. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na kwa kawaida si kwa faida yako.

Kwenye petroli, pampu mara nyingi huomba namba ya posta ya Marekani, ambayo kadi yako ya Kenya haina. Usihangaike. Ingia ndani, mwambie keshia pampu namba ngapi na dola ngapi, lipa, kisha ujaze.

Bei ya kwenye menyu si bei ya mwisho. Birmingham, kodi ya mauzo kwa jumla ni asilimia 10, na huongezwa ukifika kulipa. Mkahawani kuna bahashishi ya asilimia 15 hadi 20 pia. Chakula cha dola 60: kodi 6, bahashishi 12, jumla 78. Uliyedhani unatumia shilingi 7,800 umetumia 10,140. Vyumba navyo vina kodi yake, kwa hivyo uliza bei pamoja na kodi.

6. Laini yako isilale

Kabla ya kuondoka, washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi. Benki na programu ya kadi zitakutumia namba za siri za mara moja kwa ujumbe mfupi, na zisipofika, malipo hayapiti. Usimwachie mtu nyumbani laini na PIN yako "akusaidie kulipa bili." Panga bili mapema, au mtumie pesa kabla hujaondoka.

Angalia saa pia. Oktoba, Birmingham iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, na kuanzia mapema Novemba inakuwa 9. Mkishuka Atlanta na kuendesha kilomita kama 240 hadi Birmingham, mnapata saa moja njiani. Siku ya kurudi mnaipoteza, na ndege haingoji. Na uthibitisho wa gofu ukisema 8:10 AM, hiyo ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Msije mkatokea mchana na mfuko wa vijiti begani.

Jipime

1. Rafiki ametuma namba ya kibinafsi ya "wakala wa gofu" na kusema nafasi zinaisha leo. Utafanya nini?
2. Kati ya ada ya viza, chumba kinachofutika na tiketi ya ndege, ni ipi ya mwisho kulipwa?
3. Kwa nini mchango upigwe kwa bei ya dola iliyo juu ya ya leo?

*Majibu:* (1) Usitume. Weka nafasi kwenye tovuti rasmi ya uwanja au uwapigie wenyewe. (2) Tiketi, baada ya viza. (3) Ili shilingi ikishuka msilazimike kuchanga tena, na isiposhuka mrudishiane.

Hata kama hujawahi kushika kijiti cha gofu, kanuni hii ni yako. Ruracio, mazishi, safari ya kanisa kwenda Mombasa, shamba la chama: kabla ya kubonyeza "tuma," jiulize kama pesa hiyo inaweza kurudi, na kama wenzako wamekubaliana itokee nini isiporudi. Yule mweka hazina wa saa tatu usiku anahitaji kuandika kitu kimoja tu kwenye kundi: "Asanteni kwa kuchanga. Tiketi tutalipa tukishapata viza."